Kitalu cha Chini

Hou Cailian alikuwa amechoka tangu mwaka ule mumewe alipoanguka jikoni na kupooza upande mmoja, na uchovu huo haukuwa wa kulala ukaisha. Alilala nao, akaamka nao, akauvalisha koti na kutoka nao shambani. Watu wa kijiji chetu wakimwona anapanda mlima polepole walisema ni umri. Umri gani, miaka sitini na miwili? Huku kwetu mwanamke wa sitini na miwili bado anatwishwa gunia la viazi na hakuna anayemwonea haya.

Kazi yake ilikuwa mbegu. Kila nyumba katika bonde hili hulima danggui, mzizi unaonukia mpaka ndani ya mito ya kulalia, ambao mwanamke aliyejifungua huchemshiwa pamoja na kuku ili damu imrudie, na ambao wanunuzi huja kuuchukua kwa malori kila vuli. Kuulima, kila mtu anaweza. Kazi ni mbegu. Mmea wa danggui huachwa ardhini hadi mwaka wa tatu ndipo utoe mbegu ya kuaminika, na nani ana ardhi ya kuiacha imelala miaka yote hiyo? Basi kijiji kilimwachia Cailian, kama kilivyomwachia mama mkwe wake kabla yake. Mwezi wa nane alikata vichwa vya mbegu, akavifunga vishada, akavitundika kivulini. Mwezi wa sita uliofuata aliotesha. Vuli ikifika aling'oa miche na kuwapa watu waitunze hadi mwezi wa nne wa kupanda, nao wakamlipa kwa siku za kazi na magunia ya viazi. Katika miaka ishirini na sita hakuna aliyemuuliza mbegu ile imetoka wapi. Kuuliza kungekuwa matusi.

Maana kuna mbegu nyingine. Danggui ya mwaka wa pili ikiwa na pupa, hurusha shina katikati ya kiangazi na kuchanua kabla ya wenzake. Hiyo imekwisha. Mzizi wake hugeuka kuni, ukiutia kwenye supu utatafuna mpaka meno yaombe radhi. Lakini mbegu inatoa, tena mbegu nono, za kupendeza macho kuliko zile za miaka mitatu. Wazee waliziita mbegu za moto. Ukizipanda, watoto huchukua tabia ya mama: nao hurusha shina, nao hugeuka kuni. Na zikishatoka kwenye kishada, hakuna jicho litakalozitambua. Mama mkwe alikuwa akizitupa jikoni zikiwa mbichi na kusimama pale mpaka ziungue, kama mtu asiyeuamini moto wenyewe.

Kwa hiyo Cailian alijua. Hilo lieleweke mapema, nisije nikaonekana namtetea. Hakukosa kwa kutojua.

Kiangazi cha mwaka juzi mumewe, Bao Degui, alikuwa mwaka wake wa pili kitandani. Cailian alimgeuza, alimwosha, alimlisha uji kijiko kwa kijiko, na katikati ya kijiko na kijiko alikimbia kutazama shamba. Mtoto wao wa kiume yuko mjini Lanzhou, anaendesha basi, anapiga simu kila Jumapili na kuuliza baba anakula. Mwezi wa saba ikaja mvua ya mawe. Mizinga ya kutawanya mawingu ilipigwa kule juu mlimani mpaka vyombo vikatikisika kabatini, na mawe yakaanguka vilevile, kwani mawingu ya huku hayasikii la mtu. Mimea yake ya miaka mitatu ilivunjika karibu yote. Ilibaki robo.

Angepaswa kupita mlango kwa mlango na kusema: mwaka huu mbegu ni chache, tafuteni kwingine. Nyumba ishirini na mbili, ngazi za mawe kupanda na kushuka. Alipoziwaza tu hizo ngazi, magoti yalimuuma. Na pembeni mwa shamba kulikuwa na danggui zilizorusha shina, ambazo hakupata wasaa wa kuzing'oa, zimejaa mbegu hadi zimeinama. Akazikata. Akajiambia ataamua baadaye. Akazitundika kivulini upande wa pili, na mwezi wa sita uliofuata, bila kuwa ameamua kitu, akaotesha mbegu safi kwenye kitalu cha juu na mbegu za moto kwenye kitalu cha chini, kando ya barabara. Akasema moyoni: hicho cha chini nitakilima chote na kukifukia kabla ya vuli. Cha kufukia hakioteshwi, hata mtoto anajua. Lakini mtu aliyechoka huweza kujiambia lolote.

Vuli ilipofika, Degui akafa. Akafa wiki ileile ya kung'oa miche. Watu wakaona aibu kugonga mlango wenye msiba, wakaenda kununua miche gulioni. Alikuja mmoja tu, siku ya tisa baada ya maziko, na kapu mgongoni.

"Nimesubiri ya kwako, shangazi," alisema Jing Xiaoqin. "Ya gulioni siijui. Ya kwako naijua."

Cailian alisimama mlangoni na kitambaa cheupe cha msiba kichwani. Kitalu cha juu kilikuwa mwendo wa kupanda. Cha chini kilikuwa palepale, ng'ambo ya barabara. Mgongo ulikuwa unamkata. Akavuka barabara.

Xiaoqin alikaa nyumba ya tatu kutoka kwake, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, mchapakazi. Mumewe, Lang Jianjun, alikuwa mwaka wa nane akijenga maghorofa Xinjiang. Alirudi kila mwaka mpya na mifuko ya zabibu kavu, akaondoka kabla mtoto hajamzoea. Mwaka huu walipatana hivi: Xiaoqin akodi mashamba ya watu waliohamia mjini, apande danggui tupu, eka mbili nzima. Mavuno yakiwa mazuri, Jianjun anarudi moja kwa moja. Yakiwa mabaya, Xiaoqin naye anaondoka, anakwenda kupika kwenye kambi ya wajenzi, na binti yao Miaomiao wa miaka sita anabaki na bibi ambaye sufuria anaitafuta kwa kupapasa. Kijiji kizima kilijua mpango huo. Kwetu hakuna siri ila za waliokufa.

Basi ilikuwa mwezi wa saba mwaka huu, asubuhi, ukungu haujatoka mtoni, Cailian alipokwenda kumsaidia Xiaoqin kung'oa mimea iliyorusha shina. Ndiyo desturi: mtu akizidiwa, jirani huinama naye. Kawaida ni mmea mmoja, miwili katika kila kumi. Cailian alifika ukingoni mwa shamba akatazama. Mashina ya zambarau yalikuwa yamesimama kila mahali, mengine yamefika kiunoni.

"Nimejaribu kuhesabu pale kwenye tuta la kwanza," Xiaoqin alisema. "Sita kwa kumi. Halafu nikaacha, nikaona najitesa bure."

"Tuanze tu," Cailian alisema.

Wakaanza. Unashika shina chini, unavuta, mzizi unatoka mwembamba na mgumu, unautupa nyuma. Unashika jingine. Baada ya saa moja matuta mawili yalikuwa yamebaki na mapengo mengi kuliko mimea, na ndipo akapita Du Fengxian, mdomo wa kijiji, amejitwisha majani ya nguruwe. Fengxian hana ubaya wa moyoni, ubaya wake wote uko kwenye ulimi, na ulimi hauchoki.

"Xiaoqin, mwaka huu unalima danggui au unalima kuni?"

"Kuni, dada Fengxian. Baridi ikija usihangaike na makaa, pita nyumbani ujichukulie."

"Cheka tu. Mimi nilikwambia. Ulichagua miche minono, ukatuona sisi wa miche myembamba wajinga. Haya, unono si huo?"

"Sikuchagua. Nilichukua niliyopewa."

"Na mbolea ulipewa? Ulimwaga kama unalisha nguruwe wangu. Mwenye pupa hadiriki kula tamu." Akamgeukia Cailian. "Shangazi, mwambie huyu, wewe ndiye fundi. Si mbolea hii?"

Cailian alikuwa na shina mkononi. Alilitazama.

"Mbolea nyingi si nzuri," akasema.

Kila neno lilikuwa kweli, na yote pamoja yalikuwa uongo. Fengxian akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda zake. Kufikia adhuhuri kijiji kizima kingejua kwamba Xiaoqin ameharibu eka mbili kwa tamaa, na mwenyewe fundi wa mbegu amethibitisha. Masikio ya Xiaoqin yalikuwa yamewiva. Aliinama akaendelea kung'oa, haraka kuliko mwanzo.

Jua lilipopata nguvu wakakaa kwenye ukingo wa shamba. Xiaoqin alimimina chai kutoka kwenye chupa, akammegea Cailian mkate wa mvuke, na wake mwenyewe akaushika bila kuula. Kisha akatoa simu, akaiweka juu ya goti.

"Saa sita wanapumzika. Nampigia Jianjun nimwambie asiache kazi."

"Ngoja kwanza."

"Ningoje nini, shangazi? Nimeharibu kwa mikono yangu. Nilitaka mizizi minene, nikatia mbolea kama kichaa. Mama mkwe alinikataza, nikamwambia wewe huoni, utajuaje." Akacheka kidogo, cheko lisilo na kitu ndani. "Sasa nitamwachia Miaomiao huyohuyo asiyeona. Jana kaniuliza kama baba atalala chumba chetu au chumba cha wageni. Nikamwambia chumba chetu."

Cailian alikunywa chai. Kusema ilikuwa kazi, na kazi nyingine hakuitaka. Lakini kunyamaza nako alikwisha kukuonja. Tangu miche ile ipandwe mwezi wa nne alikuwa anazunguka njia ya nyuma ili asipite hapa, na njia ya nyuma ni ndefu. Alikuwa amechoka na njia ya nyuma. Alichoka na jina lake zuri pia, lilikuwa zito kuliko Degui siku za kumgeuza. Akapiga moyo konde.

"Si mbolea," akasema.

"Ni nini basi?"

"Ni mbegu. Miche niliyokupa ni ya mbegu za moto."

Xiaoqin alimtazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha ya mbali.

"Gulioni wanachanganya," alisema taratibu. "Ndiyo maana sikwenda."

"Sikuchanganya. Vilikuwa vitalu viwili. Cha juu mbegu safi, cha chini za moto. Mvua ya mawe ilikuwa imemaliza mbegu, mzee yuko kitandani, nikazikata zile za pembeni. Siku uliyokuja, cha juu kilikuwa mbali na mgongo ulikuwa unaniuma. Nikakupa cha chini."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na cha juu?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, na Cailian hakupakwepa. "Nimepanda mwenyewe. Lile shamba langu la juu. Limerusha shina moja kwa kumi."

Xiaoqin aliuweka mkate chini, juu ya jani, kwa uangalifu.

"Nilisubiri siku tisa," alisema. "Watu waliniambia twende gulioni, Xiaoqin, gari limejaa bado wewe. Nikasema mimi nitasubiri, mwenye msiba haachwi peke yake. Nilidhani nakufanyia wema."

"Ulinifanyia wema."

"Na wewe ukashindwa kupanda mlima."

"Nikashindwa."

Angemtukana, Cailian angefarijika. Angelia, wangelia wote. Xiaoqin hakufanya moja wala jingine. Alikaa akitazama matuta yake yenye mapengo, midomo ikienda kidogo, na Cailian akajua anapiga hesabu ya kilichobaki.

"Lichukue shamba la juu," Cailian alisema. "Lote. Ni eka moja, limekaa vizuri, mzizi unaingia. Ukijumlisha na hizi zilizobaki huku, yatakuwa mavuno. Mimi nitamaliza kung'oa hapa."

"Nitalichukua," Xiaoqin alisema. Hakusema asante, na hakuna aliyetarajia. "Na miche iliyo kitaluni sasa hivi, ya mwaka ujao? Hiyo ni ya mbegu gani?"

"Ya miaka mitatu. Yote, vitalu vyote."

"Nitajuaje?"

Mbegu ni mbegu. Miche ni miche. Kilichokuwa kinazitofautisha miaka ishirini na sita ni neno la Cailian, na sasa neno lake lilikuwa pale chini pamoja na makombo ya mkate.

Xiaoqin akasimama, akairudisha simu mfukoni bila kupiga, akajipangusa magoti, akachukua jembe. Alipokwishapiga hatua chache akageuka.

"Fengxian ameshafika nyumbani," alisema. "Kamwambie. Usimwambie mtu mwingine, yeye anatosha."

"Leo?"

"Sasa hivi, shangazi. Kabla hajamaliza kula na kutoka tena."

Akapanda kwenda shamba la juu, na Cailian akashuka. Alishuka ngazi zote zile ambazo mwaka juzi hakuziweza, akisimama kila baada ya kumi kushika kiuno. Fengxian alikuwa kizingitini na bakuli la tambi na vitunguu saumu viwili kiganjani.

"Karibu, shangazi. Kuna tambi."

"Sili. Nimekuja kusema. Xiaoqin hana kosa. Nilimpa mbegu za moto, nikijua. Mbolea haihusiki. Asubuhi uliponiuliza nikakupotosha."

Kwa mara ya kwanza tangu aolewe kijijini hapa, Fengxian alitafuna bila kusema. Tambi moja ilining'inia, akaisahau.

"Wewe?" akasema mwishowe.

"Mimi."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Fengxian alisema, lakini alisema kwa sauti ndogo, kama anajisemea. "Mwaka juzi. Mzee alipokuwa kitandani."

"Ndiyo."

"Tulikuwa tunaona moshi wa jiko lako unachelewa asubuhi. Mimi nilisema, huyu atakuja kuanguka. Nilimwambia kila mtu."

"Ulimwambia kila mtu," Cailian alikubali.

Fengxian akatazama ndani ya bakuli lake. Hakuna kati yao aliyesema kwamba kati ya hao wote walioambiwa hakuna aliyekuja, wala Fengxian mwenyewe. Cailian aliaga akaenda kumaliza kung'oa. Ilimchukua siku nne, peke yake. Watu walipita barabarani, wakamwona, wakapunguza sauti, wakapita.

Mwezi wa nane ukaingia. Jianjun alikuwa amerudi kutoka Xinjiang, na safari hii alikuja na godoro lake na beseni lake la kuogea, vitu ambavyo mtu anayerudi kutembea tu havibebi. Mbegu za miaka mitatu zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu-nyekundu, na mbegu ya danggui haisubiri, siku tatu mbele imekauka, siku tatu nyuma haijaiva. Cailian alinoa mundu, akatoka alfajiri na mapema. Alipofika kwenye uzio wa shamba lake la mbegu akawakuta.

Walikuwa wanawake saba, na Jianjun. Xiaoqin alikuwepo, Fengxian alikuwepo. Walikuwa wamejipanga ukingoni mwa shamba, mikono imefumbatwa kwa baridi, na hakuna aliyesema wamefuata nini. Hakukuwa na haja.

"Tumekuja kutazama," Xiaoqin alisema hata hivyo.

"Tazameni," Cailian alisema.

Akaingia, akainama, akakata kichwa cha kwanza, akakiinua ili wote wakione na shina lake nene la mwaka wa tatu. Akakata cha pili, akakiinua. Macho ya watu wanane yalikuwa kwenye mikono yake. Miaka ishirini na sita alikata mbegu hizi na hakuna aliyewahi kumtazama. Akaendelea. Alipopata mzigo wa kwanza aligeuka aupeleke kwenye banda la kukaushia kama kawaida, ule mwendo wa kupanda uliokuwa ukimtoa roho kila mwaka, akakuta Fengxian ameshanyoosha mikono.

"Lete," Fengxian alisema. "Nikizifunga mwenyewe najua nimefunga nini."

Akampa. Jianjun akauchukua mzigo wa pili, mwingine akauchukua wa tatu. Walikuja kumlinda asiwadanganye, na kwa kuwa walishakuja, wakabeba. Walipanda na kushuka, wakihesabiana vishada, wakikaguana, mpaka shamba likaisha na jua halijafika utosini. Mwaka mwingine kazi hiyo ilimchukua hadi magharibi, na siku ya pili asiweze kusimama.

Walipotoka kwa mzigo wa mwisho Cailian alibaki katikati ya mabua, mundu mkononi. Hakuna aliyemsemesha kwa wema siku ile, wala hakustahili kusemeshwa. Alitafuta cha kubeba, akakosa. Akakaa chini palepale kwenye udongo, na kwa mara ya kwanza tangu Degui aanguke, akasinzia mchana.